Tusiogope Somo la Fizikia

Hotuba iliyotolewa kwa wanafunzi na wazazi katika ukumbi wa kanisa, Kawangware

Tunawashukuru kwa kuacha shughuli za Jumamosi na kuja hapa. Tunajua wengine mmefunga kibanda mapema, na wengine mmetoka kwenye kibarua moja kwa moja bila hata kupitia nyumbani.

Kwanza tujieleze. Sisi si walimu wa fizikia. Sisi ni watu wa kazi ya jamii, tulisomea diploma, na kazi yetu ya kila siku ni mambo ya karo, kodi ya nyumba, wagonjwa na ugomvi wa ploti. Lakini kwa miaka kadhaa tumekuwa na darasa la jioni hapa ukumbini. Walimu wawili hujitolea kuja kufundisha sayansi, nasi hukaa nyuma tukisikiliza. Yale tuliyojifunza tukiwa pale nyuma ndiyo tunayotaka kuwaeleza leo.

KOSA TULILOFANYA

Yapata miaka kumi iliyopita msichana mmoja wa kidato cha pili alikuja ofisini kuomba msaada wa karo. Wakati huo watoto wote wa sekondari walikuwa katika mfumo wa 8-4-4, ule ulioanza mwaka 1985. Mtahiniwa wa KCSE alitakiwa kufanya angalau sayansi mbili, na mwisho wa kidato cha pili ndipo wengi walipoiacha fizikia, wakabaki na bayolojia na kemia. Msichana huyo akatuuliza: "Nichukue fizikia au niiache?"

Shule yake haikuwa na maabara ya maana. Sisi, kwa nia njema kabisa, tukamwambia, "Achana nayo, mama. Ni ngumu hiyo. Chukua somo litakalokupa alama." Akatii. Alipomaliza kidato cha nne alikuwa na alama nzuri, akaja tena na fomu ya chuo mkononi. Alitaka kusomea mambo ya umeme. Fomu ilidai fizikia, naye hakuwa nayo. Alikaa kimya, na sisi tukakaa kimya. Leo ana duka lake dogo na anajitegemea, tunamshukuru Mungu. Lakini mlango ule hakuufunga yeye. Tuliufunga sisi, kwa neno moja tulilolisema bila kufikiri.

Sasa mfumo umebadilika. Mwezi wa Januari 2026 kundi la kwanza la Mtaala wa Umilisi liliingia gredi ya 10. Mtoto akiwa gredi ya 9 huchagua njia: ile inayoitwa STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; au sayansi za jamii; au sanaa na michezo. Fizikia iko ndani ya STEM. Kwa hiyo swali la yule msichana halijaisha. Siku hizi linaulizwa na mtoto wa miaka kumi na minne au kumi na mitano, na mara nyingi anaulizwa mzazi jikoni, si mwalimu darasani. Ndiyo sababu tumewaita wote wawili, mtoto na mzazi.

Hatusemi kila mtoto lazima achukue fizikia. Mwenye kipaji cha kuchora na achore. Tunachosema ni hiki: asiiache kwa sababu ya kuogopa kitu ambacho hajakiona.

SUFURIA YA MAJI

Jioni moja mwalimu aliwasha jiko hapa nje, akaweka sufuria ya maji, akawapa vijana kipimajoto. Kazi ilikuwa rahisi: pima joto la maji yanapochemka, uandike. Kijana mmoja alipima akaandika 94. Akaangalia kitabu. Kitabu kilisema maji huchemka kwa nyuzi 100. Akachukua kifutio, akafuta 94, akaandika 100.

Mwalimu alimwuliza, "Kwa nini umefuta?" Akajibu, "Kipimajoto kimeharibika, mwalimu. Ama ni mimi nimekosea."

Hebu tufikiri pamoja. Kipimajoto hakikuharibika, na kijana hakukosea. Kitabu nacho hakikudanganya. Kitabu kinasema maji huchemka kwa nyuzi 100 pale hewa inapokandamiza kama ilivyo usawa wa bahari, kwa mfano Mombasa. Hewa ina uzito. Ukiwa Mombasa, hewa yote iliyo juu mpaka mbinguni inakukandamiza wewe na sufuria yako. Lakini Nairobi iko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Sehemu ya hewa tumeiacha chini yetu, na ile iliyobaki hukandamiza kidogo zaidi ya asilimia 80 tu ya ile ya pwani. Maji yanayochemka ni maji yanayojaribu kutoka kama mvuke huku hewa ikiyazuia. Hewa ikizuia kidogo, maji hutoka mapema. Kwa kukisia, ukipanda mita 300 toa nyuzi moja. Gawanya 1,700 kwa 300, utapata karibu 6. Toa 6 kwa 100, unabaki na 94. Mnaona? Ile namba aliyoifuta kijana wetu ndiyo iliyokuwa kweli.

Na tukitoka mjini kuja huku magharibi, kupitia Westlands, Kangemi, Uthiru mpaka Kikuyu, ardhi inazidi kupanda. Ukifika Limuru umepita mita 2,200, na maji huchemka kama nyuzi 93 hivi. Akina mama, sasa mnajua kwa nini maharagwe na githeri hukaa jikoni muda mrefu huku kwetu kuliko pwani. Kuongeza makaa baada ya maji kuchemka hakusaidii, kwa sababu maji hayapandi tena zaidi ya hapo. Makaa yanaisha tu. Kinachosaidia ni kuloweka usiku, kufunika sufuria, au kutumia sufuria ya presha, ambayo huufungia mvuke ndani ili ukandamize, na hapo maji hupanda hata kupita nyuzi 100. Hiyo ni fizikia, na inapunguza pesa za makaa.

Basi somo la kwanza ni hili: andika ulichokiona. Usifute kwa sababu kitabu kimesema vingine. Kwanza pima tena, pengine kweli ulikosea. Ukipata vilevile, uliza kwa nini.

KIJANA ALIYECHEKWA

Pengine mtasema hayo ni ya wazungu wenye maabara. Hapana. Mwaka 1963, huko Tanganyika, kulikuwa na mwanafunzi aitwaye Erasto Mpemba katika shule ya sekondari ya Magamba. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa na sukari, wakaacha yapoe, kisha wakayaweka kwenye friji ya kugandishia. Siku moja nafasi ilikuwa chache, Mpemba akaogopa kuikosa, akaweka maziwa yake yakiwa moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyowekwa bila kuchemshwa.

Alipomwuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Darasani ikawa ni utani, kila akikosea kidogo wanasema hiyo ni fizikia ya Mpemba. Lakini hakufuta alichokiona. Akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dakta Denis Osborne. Mpemba akasimama akauliza swali lake mbele ya watu. Wenzake wakacheka tena. Yule mgeni hakucheka. Aliporudi Dar es Salaam jambo lile likajaribiwa, na mwaka 1969 wawili hao wakaandika makala pamoja katika jarida la ualimu wa fizikia la Uingereza. Mpaka leo wanasayansi bado wanabishana kama jambo hilo hutokea kila mara, na kwa nini. Lakini jina wanalolitumia dunia nzima ni jina la yule mwanafunzi.

Wazazi na walimu, tujiulize: mtoto akija na swali la ajabu, sisi ni nani katika hadithi hii? Ni wale waliocheka, ama ni yule mgeni?

NAMNA YA KUSHIKA HESABU

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo wengi hukimbia. Mtoto husoma swali, akaona namba tatu, akatafuta fomula yoyote yenye herufi tatu, akatia namba humo. Akipata jibu, anashukuru na kupita. Walimu wetu wamewafundisha vijana hatua sita, na tumeziandika pale ukutani:

1. Soma swali mara mbili, kisha chora. Hata mchoro mbaya unasaidia.
2. Andika ulichopewa, kila namba na kipimo chake.
3. Andika unachotafuta.
4. Jiulize ni jambo gani linatokea hapa, ndipo utafute kanuni yake.
5. Kokotoa polepole, vipimo vikiwa vya aina moja.
6. Tazama jibu lako. Je, lina akili?

Hatua ya sita ndiyo inayosahauliwa. Kijana mmoja alipata kwamba matatu ilikwenda mita 800 kwa sekunde. Sauti yenyewe hewani huenda mita 340 hivi kwa sekunde. Hiyo matatu ingefika steji kabla hujasikia honi yake! Alisahau tu kugeuza vipimo. Lakini alama zilikuwa zimekwenda.

Tuchukue mfano mmoja, tufuate hatua hizo. Matatu inatoka Kangemi kuelekea mjini kwa barabara ya Waiyaki, kasi yake ni kilomita 72 kwa saa. Mtoto anaingia barabarani mita 50 mbele yake. Dereva anachukua sekunde moja kabla mguu haujakanyaga breki. Breki zinapunguza kasi kwa mita 5 kwa sekunde, kila sekunde. Je, itasimama kabla ya kumfikia mtoto?

Chora barabara, matatu, na mtoto. Geuza vipimo: kilomita 72 ni mita 72,000, saa ni sekunde 3,600. Gawanya, unapata mita 20 kwa sekunde. Ile sekunde moja ya kushtuka, matatu imeshakwenda mita 20, na breki haijaguswa. Sasa breki: kutoka 20 mpaka sifuri, ukipunguza 5 kila sekunde, ni sekunde 4. Kasi ilianza 20 ikaishia sifuri, kwa hiyo wastani wake ni 10. Mita 10 kwa sekunde 4 ni mita 40. Jumlisha na zile 20: mita 60. Mtoto yuko mita 50.

Siku tuliyofanya hesabu hiyo hapa ukumbini, kelele zote ziliisha.

Rudia sasa na kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde. Kushtuka, mita 10. Breki, sekunde 2, wastani mita 5 kwa sekunde, mita 10. Jumla mita 20. Mtoto yuko salama, na imebaki mita 30. Angalieni vizuri: kasi imepungua nusu, lakini umbali wa breki umepungua mara nne, kutoka 40 mpaka 10. Ndiyo maana ya sheria zile za matatu zilizoanza kutumika Februari 2004, zilizoletwa na waziri John Michuki: kidhibiti mwendo kisizidi kilomita 80 kwa saa, na mikanda kwa kila abiria. Wengi tulidhani ni kusumbuliwa. Kumbe ni hesabu.

Na mkanda je? Matatu ikisimama ghafla, mwili wako haujui. Wewe bado unakwenda mita 20 kwa sekunde mpaka kitu kikuzuie, iwe ni mkanda, ama kiti cha mbele, ama kioo.

Vijana wanaofanya mjengo, hapa pia kuna fungu lenu. Nyundo ikianguka, kila sekunde huongeza kasi kwa karibu mita 10 kwa sekunde. Baada ya sekunde 2 inakwenda mita 20 kwa sekunde. Wastani wake ni 10, kwa sekunde 2 imeanguka mita 20, kama urefu wa ghorofa ya sita au ya saba. Yaani nyundo kutoka huko juu inakufikia na kasi ileile ya matatu yetu, kilomita 72 kwa saa. Vaa kofia ya chuma, na usisimame chini ya watu wanaofanya kazi. Hesabu ya nyundo ni ileile ya matatu, imegeuzwa tu: moja inaongeza kasi na nyingine inapunguza. Ukielewa moja umeelewa mbili, na hapo ndipo mtihani unapokuwa mwepesi.

UGOMVI WA STIMA

Mfano wa mwisho ni wa kazi yetu wenyewe. Tuliitwa kwenye ploti moja ambayo nyumba zote zinatumia mita moja ya stima. Kila mwezi wapangaji huchanga sawasawa kununua tokeni. Zilianza kuisha haraka, na watu wakamlaumu kijana mmoja anayewasha redio usiku kucha. Wengine walitaka ahamishwe. Maneno yalikuwa yameshakuwa mabaya.

Sisi tulijua kusema "ndugu, pataneni". Binti mmoja wa darasa letu la jioni, anayeishi palepale, alijua zaidi. Alizunguka na daftari, akasoma wati zilizoandikwa kwenye kila chombo, akauliza kinawashwa saa ngapi kwa siku. Unachukua wati, unazidisha kwa saa, unagawanya kwa 1,000, unapata yuniti. Redio ile ilikuwa ya wati 20. Saa 10 kwa siku, siku 30: yuniti 6 kwa mwezi. Taa ya wati 9, saa 5 kwa siku: haifiki hata yuniti moja na nusu kwa mwezi. Balbu ya zamani ya wati 60 kwa saa hizohizo: yuniti 9. Pasi ya wati 1,000 ya fundi wa nguo, ikipasha moto saa moja kila siku: yuniti 30.

Redio ilisikika na kila mtu. Pasi haina kelele, kwa hiyo hakuna aliyeifikiria. Yule mama fundi mwenyewe alishtuka, hakuwa na nia mbaya. Walikubaliana aongeze mchango wake, na balbu za zamani zikatolewa. Kijana wa redio hakuhamishwa, ingawa aliombwa apunguze sauti, na hilo nalo ni haki.

Tulipotoka pale tulitazamana. Kesi iliyotushinda sisi wenye diploma ilikatwa na mtoto wa shule mwenye kalamu. Tulimkumbuka yule msichana wa kwanza, aliyetaka kusomea umeme.

KWA WAZAZI

Wazazi, tunawaomba mambo manne.

Kwanza, tusiseme mbele ya mtoto, "Hata mimi hesabu zilinishinda, hii ni damu." Hakuna damu ya kushindwa hesabu.

Pili, tugawe kazi za jioni. Tumeona mvulana amekaa na kitabu huku dada yake akiteka maji, akipika na kuosha vyombo mpaka saa nne usiku. Halafu tunasema wasichana hawawezi sayansi. Huyo hakushindwa na fizikia, ameshindwa na usingizi.

Tatu, kama shule haina vifaa, tuanze na vilivyopo. Kipimajoto kimoja kinaweza kununuliwa na wazazi kumi wakichanga. Uzi na jiwe ni pendulo. Rula na sarafu zinatosha kufundisha mizani. Katika KCSE karatasi ya tatu ya fizikia ni ya vitendo, na mtoto ambaye hajawahi kushika kitu huogopa siku hiyo. Ila tuwaonye: wasifungue mita wala kushika nyaya za ukutani. Betri za tochi zinatosha kwa mazoezi.

Nne, tuwapeleke watoto waone. Panda matatu ya mjini na mtoto siku moja. Kabla ya kufika mjini mwonyeshe Chiromo, ambako Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha fizikia. Mwonyeshe Kabete, ambako mafunzo ya ufundi yamekuwako tangu mwaka 1924. Mkifika mjini mwingie Maktaba ya McMillan, mtaa wa Banda, iliyofunguliwa mwaka 1931. Mtoto hawezi kutamani mahali ambapo hajawahi kupaona.

KWENU VIJANA

Vijana, hatutawadanganya kwamba fizikia ni rahisi kama kunywa chai. Inataka mazoezi, na utakosea mara nyingi. Lakini ugumu wake ni kama wa mlima wa Kangemi kwa mwenye mkokoteni: ukijaribu kuukimbilia utachoka katikati, ukienda hatua kwa hatua utafika. Soma, chora, andika ulichopewa, andika unachotafuta, fikiri, kokotoa, kagua. Na ukipima ukapata 94, andika 94.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Je, kuna mtoto tuliyemwambia aache somo kwa sababu ni gumu? Tunaweza kufanya nini sasa?
2. Nyumbani kwetu, ni nani hupata saa ya kusoma jioni, na ni nani hapati?
3. Andikeni wati za kila chombo katika ploti yenu. Ni kipi kinachokula stima zaidi? Je, ndicho mlichokuwa mkikilaumu?
4. Dereva wa matatu yetu anakwenda kilomita 54 kwa saa, yaani mita 15 kwa sekunde. Kwa breki zilezile na sekunde moja ya kushtuka, atasimama baada ya mita ngapi? Fanyeni pamoja, mzazi na mtoto, kisha mleteni jibu wiki ijayo.